Je, shule ina haki ya kumlazimisha mwanafunzi kula kiapo cha uzalendo?

«Shikamoo mwalimu. Shule anayosoma binti yangu imeanzisha kiapo cha uzalendo kinachosomwa kila asubuhi mstarini, mkono ukiwa kifuani na macho yakitazama bendera. Binti yangu ana miaka 13. Mwanzoni alisoma pamoja na wenzake, kisha akanyamaza. Anasimama wima, hacheki wala hamsumbui mtu, ila hafungui kinywa. Nilipomuuliza alisema hawezi kuapa kila siku kwamba nchi yetu inamtendea kila mtu haki ilhali anaona haimtendei. Nyumbani hatuna sababu yoyote ya kidini. Mwalimu mkuu ameniandikia kwamba asiposoma hadi mwisho wa mwezi atasimamishwa masomo, na akanikumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mume wangu anasema mtoto asome tu yaishe, ni maneno matupu. Mimi naipenda nchi yangu na nisingependa kulea mtoto mkaidi. Je, shule ina haki ya kulazimisha? Na kulazimisha kunasaidia chochote?»

Marahaba, mzazi mwenzangu. Barua yako ina maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kama shule ina mamlaka ya kumlazimisha mtoto atamke kiapo, kama kulazimishwa huko kunazaa uzalendo wowote, na kama wewe unalea mtoto mkaidi. Nitaanza na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi.

Mtoto mkaidi huikataa amri kwa sababu tu ni amri. Binti yako anatii kila kitu kinachotakiwa mstarini isipokuwa jambo moja, na alipoulizwa alitoa sababu inayohusu maneno yenyewe ya kiapo. Kuhusu hoja ya baba yake, ningemwomba aitazame tena. Ikiwa kweli maneno hayo ni matupu, shule haina sababu ya kumnyima mtoto masomo kwa ajili yake. Na ikiwa si matupu, haitufai kumzoeza mtoto kuyatamka huku moyoni anayakataa, hasa katika umri ambao tunamkanya kila siku asiseme uongo.

Sasa tuingie kwenye shule na mamlaka yake. Katika mjadala huu watu huchanganya mambo mawili, na hata walimu wakuu wazoefu huyachanganya. La kwanza ni shule kuwa na utaratibu wa kusoma kiapo. La pili ni kila mwanafunzi kushurutishwa akisome kwa kinywa chake mwenyewe na kuadhibiwa asipokisoma. Nchini Marekani, kwa mfano, majimbo mengi yana sheria zinazozitaka shule za umma zitenge muda wa kiapo cha bendera, na wakati huohuo shule hizo kwa kawaida haziruhusiwi kumwadhibu mwanafunzi kwa kuwa ameamua kwa dhamiri yake kunyamaza. Utaratibu upo, shuruti haipo. Kwa hiyo utakapokaa na mwalimu mkuu huna haja ya kukipinga kiapo chake wala kumwomba akifute. Ombi lako ni dogo zaidi, kwamba adhabu iondolewe.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kiapo cha shuleni ni kitu cha kale kilichozaliwa pamoja na taifa, kwa hiyo anayekigusa amegusa taifa lenyewe. Kiapo cha Marekani, ambacho ndicho maarufu kuliko vyote, kilitungwa mwaka 1892, zaidi ya karne moja baada ya uhuru wa nchi hiyo. Mtunzi wake, Francis Bellamy, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti aliyefanya kazi katika jarida la vijana, na jarida hilo lilikuwa pia likiziuzia shule bendera. Tangu hapo kimebadilishwa zaidi ya mara moja: miaka ya 1920 maneno «bendera yangu» yaliondolewa na jina la nchi likawekwa, mwaka 1942 saluti ya kunyoosha mkono iliachwa kwa sababu ilifanana mno na ile ya wafuasi wa Hitler, mwaka 1954, wakati wa Vita Baridi, yakaongezwa maneno yanayomtaja Mungu. Kwa upande mwingine, Uingereza haina kiapo cha namna hiyo katika shule zake, na sidhani kama kuna anayedai kwamba Waingereza hawaijui nchi yao.

Viapo vyenyewe havifanani, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa panahusu moja kwa moja neno alilokuambia binti yako. Nchini Kenya, enzi za Rais Daniel arap Moi, wanafunzi waliahidi utii kwa Rais na kwa taifa, na kiapo kikaishia na falsafa ya Nyayo ya amani, upendo na umoja. Yaani mtoto aliapa kwa nchi, kwa kiongozi aliyekuwa madarakani na kwa kaulimbiu ya utawala wake, vyote kwa pumzi moja. Kiapo cha Singapore kiliandikwa mwaka 1966 na waziri S. Rajaratnam, mwaka mmoja baada ya nchi hiyo kutengana na Malaysia na miaka miwili baada ya ghasia za kikabila za mwaka 1964. Hakimtaji kiongozi yeyote. Raia wenyewe ndio wanaoahidi kuwa wamoja bila kujali rangi, lugha wala dini, na kujenga jamii ya kidemokrasia yenye haki na usawa. Kuahidi kwamba nitajenga haki si sawa na kutangaza kwamba haki imekwisha kupatikana. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuitoa ahadi ya kwanza na kusita kwenye tangazo la pili. Nakushauri uketi na binti yako mkiwa na karatasi ya kiapo mezani, msome sentensi moja baada ya nyingine, naye akuonyeshe ni ipi hasa inayomkwaza. Mara nyingi utakuta ni moja au mbili. Huenda yuko tayari kuahidi kuitumikia nchi na kutii sheria zake, na anachokikataa ni kusema jambo analoliona si kweli. Ukilijua hilo, mazungumzo na shule hubadilika sura.

Nije kwenye samaki wa mwalimu mkuu. Ni kweli kwamba mazoea hujengwa utotoni, lakini inabidi tuulize ni nini hasa kinachojengeka. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Jean Piaget na mwenzake Anne-Marie Weil walichapisha mahojiano waliyofanya na watoto wa Geneva. Watoto wadogo walijua kusema kwamba Geneva iko Uswisi, lakini walipoulizwa kama wao wenyewe ni Waswisi, baadhi walijibu kwamba hapana, wao ni watu wa Geneva, na mtu hawezi kuwa vyote viwili kwa wakati mmoja. Wazo la nchi kama kitu kikubwa kinachoubeba mji wao na miji mingine lilikuja kukomaa wakielekea miaka 10 au 11. Mtoto wa darasa la kwanza anaposoma kiapo, basi, anasoma mlio. Mwombe akueleze «utii» au «jamhuri» ni nini utaona anavyokutazama. Hilo si kosa lake wala si hatari, ila tusijidanganye kwamba amekwisha kuwa mzalendo kwa kuwa amekariri vizuri. Na kunyamaza kwa binti yako kumekuja baada tu ya umri huo ambao maneno huanza kupata maana, kwa hiyo mimi sishangai.

Shuruti nayo ina tabia yake. Mwaka 1965 mtafiti Jonathan Freedman aliwakataza wavulana wa shule ya msingi kuchezea roboti moja ya kuvutia. Baadhi yao aliwatisha kwa ukali, wengine aliwaambia kwa upole kwamba si vizuri kuichezea. Wakati wa katazo lenyewe makundi yote mawili yalitii karibu sawasawa. Wiki kadhaa baadaye mtu mwingine aliwaacha na roboti ileile bila kuwakataza lolote, na hapo tofauti ikajitokeza: wengi wa wale waliotishwa waliichezea, na wengi wa wale walioambiwa kwa upole waliiacha. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mtoto aliyetishwa anazo sababu zote za utii wake nje ya nafsi yake, yaani ile adhabu. Adhabu ikiondoka, sababu nazo huondoka. Aliyeambiwa kwa upole hukosa sababu kubwa ya nje ya kujieleza kwa nini ametii, kwa hiyo huitafuta ndani, na akishaipata hukaa nayo. Kiapo kinachosomwa kwa kuogopa kusimamishwa masomo kinamfundisha mtoto jambo moja kwa uhakika, nalo ni kwamba kusimamishwa masomo kunaogopesha.

Lakini nitakuwa nimemdhulumu mwalimu mkuu nikiishia hapo, kwa maana hoja yake ina upande wenye nguvu ambao wapinzani wa viapo huupuuza. Kufanya jambo kwa pamoja, kwa sauti moja na mwendo mmoja, huwaunganisha watu kweli. Mwaka 2009 watafiti Scott Wiltermuth na Chip Heath waliwaweka watu katika vikundi, baadhi wakaimba kwa pamoja wimbo wa taifa wa Kanada, kisha wakacheza mchezo unaohitaji kuaminiana. Walioimba kwa pamoja walishirikiana zaidi kuliko wengine. Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba washiriki walikuwa Marekani, wimbo haukuwa wao. Kilichofanya kazi kilikuwa ule upamoja. Shule yenye watoto wa makabila, dini na matabaka mbalimbali inahitaji dakika chache kwa siku ambapo wote ni kitu kimoja, na mimi siwezi kumlaumu mwalimu anayezitafuta dakika hizo. Ninachosema ni kwamba faida hiyo inatokana na kushiriki, na haipungui kwa sababu mmoja kati ya mia tano amesimama kimya. Inapungua pale ambapo mmoja huyo anatolewa mstarini mbele ya wenzake.

Kwa upande wa sheria, mahakama za nchi kadhaa zimeshalisikiliza suala hili, nyingi kupitia watoto wa Mashahidi wa Yehova, ambao dini yao haiwaruhusu kuisalimu bendera. Safari ya Marekani ndiyo inayofundisha zaidi kwa kuwa mahakama ilijigeuza yenyewe. Mwaka 1935, katika mji mdogo wa Minersville, Pennsylvania, msichana wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 10 walifukuzwa shule kwa kukataa kusalimu bendera. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwezi Juni 1940, majaji 8 dhidi ya 1 waliiunga mkono shule. Baada ya hukumu hiyo Mashahidi walishambuliwa katika maeneo mengi ya nchi. Huko Kennebunk, jimbo la Maine, jumba lao la ibada lilichomwa moto. Tarehe 14 Juni 1943, vita vikiwa vimepamba moto na askari wa Marekani wakifa ng'ambo, mahakama ileile ilibatilisha uamuzi wake kwa majaji 6 dhidi ya 3, katika kesi iliyotoka West Virginia. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna ofisa wa serikali, awe mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua imani iliyo sahihi katika siasa, uzalendo au dini, na kuwalazimisha raia waikiri. Angalia kwamba hakuujenga msingi wake juu ya dini peke yake. Aliujenga juu ya uhuru wa mtu kutolazimishwa kusema asichokiamini. Kwa mtoto kama wako, ambaye sababu yake si ya kidini, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwingineko dini na dhamiri ndizo zilizobeba uzito zaidi. Katika jimbo la Kerala nchini India, watoto watatu wa familia moja walikuwa wakisimama kwa heshima wimbo wa taifa unapoimbwa, bila kuimba. Hakuna aliyelalamika, mpaka mwaka 1985 mbunge mmoja wa jimbo alipoliona jambo hilo na kulikuza, nao wakafukuzwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya India iliamuru warudishwe, ikieleza kwamba aliyesimama kwa heshima hajautukana wimbo kwa kutouimba. Ufilipino ilikubali kufukuzwa kwa watoto wa namna hiyo mwaka 1959, kisha mwaka 1993 mahakama yake ya juu ikaubatilisha msimamo huo. Nchini Tanzania, Mahakama ya Rufani mwaka 2013 iliwapa ushindi wanafunzi wa sekondari waliokuwa wameadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa kwa sababu za imani yao.

Nisikufiche upande wa pili. Mwaka 1996 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Ugiriki haikuuvunja uhuru wa dini wa msichana aliyesimamishwa shule siku moja kwa kukataa kushiriki gwaride la sikukuu ya taifa, ingawa iliilaumu nchi hiyo kwa kutompa yeye na wazazi wake njia ya kufaa ya kuipinga adhabu. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba kesi yako imeshinda kabla haijasikilizwa, au kwamba imeshindwa. Mengi yanategemea katiba ya nchi unakoishi, ukubwa wa adhabu, na kama shule ni ya umma au ya binafsi. Shule ya binafsi mara nyingi huwa na mkataba na mzazi, na kinga za katiba zinaweza zisiifikie kwa namna ileile.

Msimamo wangu mwenyewe ni huu: shule inaweza kuandaa kiapo, inaweza kumtaka kila mwanafunzi awe kimya na asiwavuruge wanaosoma, na kwa asiyekwazwa na kusimama inaweza kumwomba asimame. Haipaswi kumlazimisha atamke, na kumnyima mtoto hisabati na sayansi kwa sababu hakufungua kinywa mstarini ni adhabu isiyolingana na jambo lenyewe. Ikiwa shule inataka watoto waijue na kuipenda nchi yao, zipo njia zinazogharimu muda zaidi na zinazozaa zaidi: somo la uraia linaloruhusu maswali, mjadala juu ya katiba, uchaguzi wa viranja unaoendeshwa kwa haki, na kazi za kujitolea ambazo mwalimu naye anazifanya. Binti yako, kwa maelezo yako, angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

La kufanya sasa. Kwanza mwombe mwalimu mkuu, kwa maandishi na kwa adabu, akuonyeshe kanuni inayoweka kiapo na ile inayoweka adhabu. Mara nyingi ya kwanza imetoka juu na ya pili imebuniwa shuleni, na hilo peke yake linaweza kuumaliza mgogoro. Pili, andika barua fupi: kwamba mtoto ataendelea kusimama kwa heshima, kwamba hatawashawishi wenzake, kwamba wewe na baba yake mnalijua jambo hili na mnaomba asiadhibiwe. Barua ya mzazi ina uzito kuliko unavyodhani. Katika kesi moja ya Florida ya mwaka 2008, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali sharti la mwanafunzi kuleta idhini ya mzazi ili asisome kiapo, ingawa ilikataa wanafunzi walioruhusiwa walazimishwe kusimama. Mimi sharti hilo silipendi sana, kwa kuwa dhamiri ni ya mtoto wala si ya mzazi, lakini pale lilipo, barua huokoa muda. Ndiyo maana ningependa pia baba yake atie sahihi, hata kama bado hajakubaliana na binti yake. Anachotia sahihi ni kwamba mtoto asinyimwe masomo.

Na mtoto mwenyewe asigeuzwe bendera ya watu wengine. Usiiweke habari yake kwenye mitandao, usimwite shujaa mbele ya wageni, wala usimfanye ajione amefungwa na msimamo wake. Mwambie waziwazi kwamba akiamua kesho kusoma, nyumbani hakuna atakayemcheka, na akiamua kuendelea kunyamaza, huenda baadhi ya wenzake na mwalimu mmoja au wawili wakamnunia, nawe utakuwa pamoja naye. Muulize pia anakusudia kufanya nini juu ya hizo dhuluma alizoziona, maana hapo pana mazungumzo marefu kuliko ya kiapo.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyabeba. Mtoto akianza kuumwa tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, akikosa usingizi, akijitenga, au akirudi nyumbani na alama za kupigwa, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari ana kwa ana, na suala la kiapo lisubiri. Ikija barua rasmi ya kumsimamisha masomo, au hata taarifa ya kumwita mbele ya kamati ya nidhamu, usingoje mwisho wa mwezi: nenda kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria wiki hiyohiyo, ukiwa na barua zote za shule, nakala ya kiapo na nakala ya barua uliyoiandika wewe, kwa sababu muda wa kukata rufaa dhidi ya adhabu za shule huwa mfupi. Na wakikuletea karatasi ya mtoto kuahidi kwamba atasoma, msiitie sahihi siku hiyo. Ombeni mwende nayo kwa wakili kwanza.